Uzi: Kigari cha kusukuma mtoto kwa njia zetu za Tanga. Mliotangulia, nisaidieni kuchagua

MamaNasra

Assalaam aleikum. Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo.

Nina binti wa miezi mitano, wa pili kuzaliwa. Tunakaa Mikanjuni. Kila asubuhi nampeleka kwa mama yangu Makorora, mimi naendelea na kazi, jioni namfuata. Jumamosi nashuka naye soko la Mgandini, na siku nyingine inabidi tuvuke reli kwenda mjini. Mbeleko ninayo na naipenda, lakini tangu uzazi huu mgongo umenikataa. Nikimbeba zaidi ya nusu saa, usiku silali. Daktari amenitaka nipunguze mzigo mpaka nipone. Ndiyo maana naomba msilichukulie suala la kigari kama anasa kwangu.

Cha kwanza nilipewa na wifi yangu. Ni vile vyepesi vinavyokunjwa kama mwavuli, magurudumu ya plastiki yamekaa mawili mawili, kila moja halizidi kiganja changu. Kwenye sakafu ya sebuleni kinateleza vizuri mno. Nje ya geti kiligoma siku ya kwanza. Mchanga wa uchochoro wetu uliyameza magurudumu ya mbele, mimi nasukuma, kigari kimesimama, mtoto ameinamia mbele na mkanda unambana. Nikamtoa, nikambeba mkono mmoja, kigari nikakikokota kwa mkono wa pili. Wiki ya tatu, tukivuka reli, gurudumu la mbele la kulia lilikatika shingo. Mtoto hakuumia, alhamdulillah, ila nilibaki nimechuchumaa kwenye kokoto nakiokota kile kipande cha plastiki huku miguu inanitetemeka.

Baada ya siku ile nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo. Niliitembea njia yangu yote peke yangu, na daftari mkononi, nikihesabu hatua. Kutoka getini ni hatua 210 za mchanga mlaini, na masika yakiingia pale panakuwa madimbwi mpaka Mei. Kisha barabara ya changarawe yenye mawe ya matumbawe yaliyochomoza. Halafu mtaro wa wazi wenye kidaraja cha zege. Nilikipima kwa futi, upana ni sentimita 74. Ndipo inakuja lami, hatua kama 900, haina njia ya waenda kwa miguu, tunagawana na bodaboda, bajaji na baiskeli. Mwisho kwa mama kuna ngazi nne. Nilipojumlisha nikaona lami haifiki hata nusu ya safari yangu, na kile kigari cha wifi kilitengenezwa kwa ajili ya lami tu.

Sasa nimeweka akiba, shilingi 250,000. Mtumba naukubali. Maswali yangu: magurudumu matatu au manne? Tairi za upepo au zile ngumu? Na kuna kigari kweli kitakachovuka mchanga ule, kikaingia kwenye bajaji, na nikaweza kukipandisha ngazi nne mimi mwenyewe?

Spoku

Dada MamaNasra, pole sana kwa mkasa wa relini. Mimi ni fundi baiskeli Ngamiani, huu mwaka wa 19. Zamani nilikuwa naletewa baiskeli tu. Siku hizi wiki haipiti sijaletewa kigari cha mtoto, kwa hiyo nitasema ninachokiona kibandani kwangu.

Anza na gurudumu, mengine yote baadaye. Chukua kokoto yenye kimo cha sentimita 3. Gurudumu lako lile la sentimita 12, toka ardhini mpaka kwenye ekseli ni sentimita 6 tu, kokoto inafika nusu yake. Ukisukuma, nguvu yako inaishia kwenye kokoto na kwenye shingo ya plastiki, siku moja shingo inakatika. Kokoto ileile mbele ya gurudumu la sentimita 30 haifiki hata robo ya kimo hicho, gurudumu linapanda na kushuka, mtoto anaendelea kulala. Ndiyo sababu baiskeli inapita pale toroli linapokwama.

Kwenye mchanga kuna jambo la pili, upana. Magurudumu membamba yanakata mchanga kama kisu. Tafuta tairi ya upana usiopungua sentimita 5.

Upepo au ngumu? Kwa njia uliyoieleza, upepo. Tairi ya upepo inabonyea juu ya jiwe, inakunywa mtikisiko kabla haujamfikia mtoto. Zile za povu gumu hazipati pancha na kwa mtu wa lami nitamshauri hizo bila wasiwasi, lakini kwenye matumbawe kila jiwe litapanda mpaka kwenye kiti. Na zikishalika upande mmoja hakuna fundi wa kuziba, unatafuta gurudumu zima.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapoumia, naomba usome taratibu. Kabla hujatoa pesa, inama usome namba ubavuni mwa tairi. Ukikuta 12½ × 2¼, chukua. Hiyo ni saizi ya baiskeli ndogo za watoto, tyubu yake inapatikana kwenye maduka ya vipuri vya baiskeli. Inchi 16 pia ni saizi ya baiskeli za watoto, nyuma vigari vingi vikubwa vinatumia hiyo. Ukikuta namba ngeni, au tairi haina namba kabisa, basi siku tyubu itakapokufa kigari kinageuka kiti cha barazani. Nimewaona akina mama watatu mwaka huu wa namna hiyo, kigari kizuri, fremu nzima, tyubu hakuna mji mzima.

Upepo wenyewe ujazwe kwa kipimo. Kipimo kimeandikwa palepale ubavuni, vingi vya watoto mwisho ni psi 30 au 35. Usiende kwa kompresa ya malori wakakujazia kwa kukisia, tyubu ndogo inapasuka. Pampu ya mkono inatosha. Siku za mchanga mwingi punguza kidogo tairi itandazike.

Matatu au manne: matatu yanageuka kirahisi na yanafaa zaidi mchangani, mradi la mbele liwe kubwa. Ila ukikata kona kwa haraka, au upande mmoja ukidondokea mtaroni, la matatu linalala upesi kuliko la manne. Lolote utakalochukua, gurudumu la mbele liwe na kifungio cha kulizuia lisizunguke. Kwenye lami unaliachia, ukifika kwenye mchanga na changarawe unalifunga linyooke. Bila kifungio litakuwa linajipinda ovyo kila likigusa jiwe.

Na siku ukikwama mchangani, usisukume. Geuka, kivute kinyumenyume, magurudumu makubwa ya nyuma yatangulie. Utashangaa kinavyotoka.

MamaNasra

Kaka Spoku, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Hilo la kuvuta kinyumenyume nimelijaribu leo na kile kibovu cha wifi, magurudumu yake matatu yaliyobaki, kimetoka! Na relini je? Pale ndipo roho yangu imebaki.

Spoku

Relini vuka ukiwa umenyooka, reli ipite mbele yako kama msalaba. Ukivuka kwa kukata upande, gurudumu la mbele linaingia kwenye ule mfereji wa chuma na linanaswa. Ukifika kwenye chuma bonyeza mpini chini, la mbele liinuke, lipite juu ya reli, kisha nyanyua mpini nyuma yapite. Usiburuze. Na simama kwanza usikilize pande zote mbili, siku hizi treni za mizigo zinapita tena.

ZamuYaUsiku

Mimi ni nesi wa wodi ya wazazi. Fundi ameongea chini, nami nizungumze juu, pale anapokaa mtoto.

Mtoto ambaye bado hajaikaza shingo na hawezi kukaa, alazwe chali, kigari kilale bapa au karibu na bapa. Akikalishwa wima, kichwa kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua, na njia yake ya hewa ni nyembamba kama mrija, inajikunja. Hatalia. Atanyamaza tu, na wewe utadhani amelala. Kwa wengi umri huo unaisha karibu na miezi sita, lakini angalia mtoto wako, usiangalie kalenda peke yake. Kwa hiyo MamaNasra, kwa miezi mitano, kigari chako lazima kiweze kulala. Vingi vya mwavuli haviwezi.

Mikanda iwe ya pointi tano: mabega mawili, kiuno pande mbili, na katikati ya miguu. Ile ya kiuno peke yake ndiyo inayofanya mtoto anainama mbele au kuteleza chini kama ulivyoeleza. Ifunge kila safari, hata ya dukani hapo mkabala.

Na sasa naomba kina mama wa Tanga mnisikie vizuri, kwa sababu naliona kila nikitoka kazini. Msifunike kigari kwa khanga au blanketi mtoto asipigwe jua. Khanga ni nyepesi kwenye mwili wetu, lakini ikifunika mdomo wa kigari hewa haizunguki, joto linapanda humo ndani, na joto letu na unyevunyevu wa bahari mnaujua. Mtoto mchanga hajui kujipoza kama mtu mzima. Tumieni kipaa chake chenyewe, geuzeni kigari jua likae nyuma, tembeeni mapema au baada ya alasiri. Jioni kwa ajili ya mbu tandazeni chandarua chepesi, kile kinapitisha hewa. Pitisheni mkono shingoni mwa mtoto, kwa nyuma, kila baada ya muda. Mkikuta jasho, mtoeni.

Akilala kwenye kigari na mmeshafika, mhamisheni kitandani, alale chali pale pa bapa. Kigari si kitanda cha usiku.

BibiWaMakorora

Wanangu salaam. Nimelea saba na wajukuu kumi na moja, wote kwa mbeleko. Sijapata kumwona mtoto wa mbeleko akianguka mtaroni. Mgongoni anasikia moyo wa mama yake, anasikia ukiimba, anajua watu. Huyu wa kigari anaangalia magoti ya watu na moshi wa bodaboda. Nawaambieni kwa mapenzi, msiache mbeleko zikaliwa na mende.

MamaNasra

Shikamoo bibi. Maneno yako nimeyapokea, na mbeleko sijaiacha. Kwenye ngazi za mama, kwenye daladala na sokoni Mgandini palipobanana, ni mbeleko. Kigari nakitaka kwa zile hatua zilizobaki, ambazo mgongo hauzimalizi. Hilo la moshi na magoti limenichoma kweli, sikuwa nimelifikiria. Nitatafuta ambacho kiti kiko juu, na bora kiweze kugeuzwa mtoto aniangalie mimi.

BibiWaMakorora

Marahaba mwanangu. Hapo umesema. Na mgongo uupumzishe, uzazi si jambo la kuchezea. Mama yako akusaidie kukukanda.

UpepoWaRaskazone

Nitetee kidogo vile vya mwavuli, visije vikatukanwa vyote. Mimi nakaa Raskazone, kwangu mpaka baharini ni lami na vivuli vya miti, na kila mwezi nasafiri na mtoto kwa basi toka Kange kwenda Dar. Changu kina kilo 6. Nakikunja kwa mkono mmoja mtoto yuko kwenye mkono mwingine, konda anakiweka kwenye buti. Kikubwa cha kilo 12 au 13 ningekifanyaje?

Hata asili yake inaeleza. Cha kwanza cha kukunjwa kama mwavuli kilibuniwa Uingereza mwaka 1965 na Owen Maclaren, mhandisi mstaafu wa ndege, aliyekuwa amefanya kazi kwenye magurudumu ya kutua ya ndege ya kivita ya Spitfire. Binti yake alikuwa anasafiri na mtoto na kigari kizito, babu akatumia bomba za alumini na ujuzi wa kukunja miguu ya ndege. Kwa hiyo kilizaliwa kwa ajili ya safari na sakafu laini, na kwenye safari na sakafu laini hakijapata mshindani. Cha magurudumu matatu makubwa nacho kilikuja kivyake, Marekani mwaka 1984, Phil Baechler alikuwa mkimbiaji aliyetaka kukimbia na mwanawe, akafunga magurudumu ya baiskeli. Mtu anunue kilichobuniwa kwa njia inayofanana na yake.

Dada yetu njia yake ni ya yule wa 1984.

ZamuYaUsiku

Kwa kuwa umetaja kukimbia: kukimbia na mtoto kwenye kigari kusianze kabla ya miezi sita kutimia, na wapo madaktari wanaosema miezi minane. Shingo yake haijawa tayari kwa mitikisiko ile. Kutembea haina shida.

MsambaaWaMlalo

Habari za huko pwani. Sisi huku milimani Lushoto, hali ni nyingine, ila naongeza moja kwa wale watakaopanda huku kusalimia wakwe.

Mteremko hausamehe. Nilikuwa na kigari kizuri cha magurudumu matatu, nikasimama kununua peasi kwenye kibanda, nikageuka kuchukua chenji. Nilikuwa nimekanyaga breki lakini upande mmoja tu ulishika, pini ya pili ilikuwa imejaa udongo. Kilianza kuondoka taratibu, mwanamke mmoja akakidaka. Tangu siku hiyo nimefunga ugwe imara kwenye mpini, ncha ya pili nazungusha kifundo cha mkono, haitoki mkononi hata nikilipa. Na nikisimama, kigari nakiweka kikikingama na mteremko, kisielekee chini. Breki unaijaribu kwa kuisukuma baada ya kukanyaga. Usiiamini kwa sauti yake ya "tak".

Kwa njia zetu za miguu za shambani sijaona kigari kinachofaa. Huko ni mbeleko, bibi yuko sahihi.

BabaPacha_Duga

Mimi nina pacha wa mwaka mmoja. Watu wa pacha pimeni mlango kabla ya kununua. Vile vya watoto kukaa ubavu kwa ubavu vinafika sentimita 75 na zaidi, mlango wangu wa nyuma ni 70, nililia. Vya mbele na nyuma vinapita mlangoni lakini mchangani ni vizito kugeuza. Niliuza, nikachukua kimoja cha kawaida, mmoja anakaa, mmoja namvaa kifuani. Tunabadilishana.

MamaNasra, kidaraja chako cha sentimita 74, kigari kikubwa cha kawaida kina 60 mpaka 65. Kinapita ila pembeni unabakiwa na vidole vichache. Usipite pale unaongea na simu.

Spoku

Kweli kabisa, baba pacha. Nami niongeze ya chuma. Sisi tuko baharini, chumvi ya hewa inakula chuma kimyakimya. Ukienda kununua, chukua sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu. Igusishe kwenye bomba za fremu. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa, mara nyingi ni alumini. Chuma si kibaya, kina nguvu, lakini kagua chini ya rangi kwenye maungio na ndani ya bomba. Ukiona rangi imevimba kama upele, kutu iko ndani. Alumini haipati kutu ile ya chuma, ila bolti zake ni za chuma na ndizo hufa kwanza. Ukitoka pwani futa fremu kwa kitambaa na maji baridi ya bomba, kausha, tone la grisi kwenye ekseli mara moja kwa mwezi. Mchanga kwenye ekseli usiupake mafuta juu yake, toa gurudumu, futa kwanza.

Kingine, magurudumu yazungushe hewani. La beringi linaenda muda mrefu bila kelele. La bushi ya plastiki linasimama upesi na linacheza kushoto kulia. Kwa mwendo wa kila siku chukua la beringi.

MtumbaSafi

Naongezea kwa wanaonunua mtumba, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kikunje na kukikunjua mara tano mbele ya muuzaji. Kile kifungio cha pili cha usalama kishike, maana kigari kinachojikunja mtoto akiwa ndani ni hatari kubwa. Tazama bawaba, pale bomba mbili zinapokutana kama mkasi. Mwaka 2009 huko Marekani vigari karibu milioni moja vya mwavuli vilifanyiwa wito wa marekebisho kwa sababu bawaba zilikuwa zimekata ncha za vidole vya watoto, na wenye navyo wakapewa vifuniko vya kuziba bawaba. Mitumba ya zamani bado inazunguka duniani. Ukiona bawaba iko wazi, vidole vya mtoto viwe mbali kabisa unapokunjua, au acha.

Angalia lebo ya kitambaa, mara nyingi chini ya kiti. Ikiwa imeandikwa EN 1888, kimepimwa kwa kiwango cha Ulaya. ASTM F833 ni cha Marekani. Hapo hapo utakuta uzito wa mwisho wa mtoto, vingi ni kilo 15, vingine 22. Lebo ikiwa imekatwa, muulize muuzaji kwa nini.

MamaWaSuleiman

Samahani kuingilia. Mwanangu ana miaka mitano, ana mtindio wa ubongo, hajatembea. Ninamsukuma kwenye kigari cha kawaida toka ana miaka miwili. Sasa ana kilo 17 na miguu inaning'inia. Mume wangu anasema tutafute cha magurudumu makubwa kama hiki mnachokizungumzia. Kitamfaa?

ZamuYaUsiku

Mama wa Suleiman, nashukuru umeuliza. Kwa uzito, kile cha kilo 15 ameshakivuka, kwa hiyo kwanza kabisa acha kutumia hicho cha sasa, fremu inaweza kukatika. Cha kilo 22 kitambeba kwa muda, lakini tatizo lake ni kwamba kiti cha kigari ni cha kitambaa, kinamkunja, na mtoto mwenye mtindio akikaa amepinda kila siku mgongo na nyonga vinafuata ule upindo. Anahitaji kiti chenye kushikilia kichwa, kiuno kikae nyuma, na miguu iegemee mahali. Mpeleke hospitali ya mkoa, uliza kitengo cha fiziotherapia, waombe wampime kwa ajili ya kiti chake. Hata wakati unasubiri watakuonyesha jinsi ya kumkalisha kwa mito na taulo zilizokunjwa. Nenda wiki hii kama unaweza.

Spoku

Mama Suleiman, ukishapata kiti, kama kina tairi za upepo au kinahitaji gurudumu la mchanga, niletee. Hiyo sitatoza.

MamaWaSuleiman

Sina la kusema ila asanteni. Jumatatu tunakwenda.

MamaNasra

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Nimezunguka sana. Kwenye duka moja la vitu vipya niliambiwa "hiki ni cha njia zote", nikainama nikasoma, tairi ya plastiki iliyochorwa mistari kama tairi ya kweli. Nikamshukuru kijana nikatoka. Mahali pengine kilikuwa kizuri, sumaku hainasi, mikanda mitano, lakini namba ya tairi ni ngeni, nikamkumbuka kaka Spoku nikakiacha kwa huzuni. Cha tatu nilikipata kwenye mtumba: magurudumu matatu, yote 12½ × 2¼, alumini, kinalala mpaka karibu na bapa, lebo ipo EN 1888, kilo 15. Kina kilo 12, ndiyo kizito. Kipaa kimefifia kwa jua na tairi moja ilikuwa imelala. Tulianza 230,000, tukaafikiana 185,000. Kiti hakigeuki kuniangalia, hilo nimelikosa na bado linaniuma, bibi. Lakini kiko juu, mtoto haangalii magoti tena, anaangalia viuno.

Kaka Spoku amebadilisha tyubu moja, ameweka grisi, amefunga kile kifungio cha mbele kilichokuwa kinalegea. Ameniwekea na vipande vya riboni nyekundu na nyeupe ya kung'aa, ile ya malori, nyuma na ubavuni, kwa ajili ya jioni.

Mchanga: kinapita. Si kama lami, nasukuma kwa nguvu, lakini kinapita, nimelifunga gurudumu la mbele na kupunguza upepo kidogo. Siku ya mvua nimekivuta kinyumenyume hatua zote 210. Matumbawe, mtoto alisinzia. Mtaro, napita kimya, macho chini. Ngazi nne za mama nimeshindwa peke yangu, nasema ukweli. Namtoa mtoto, namfunga mbeleko, kigari kinabaki barazani na mdogo wangu anakipandisha.

Lami ndiyo sasa inayonitisha kuliko vyote, ambayo mwanzoni niliidhania rahisi. Natembea upande wa kulia, bodaboda zinakuja mbele yangu nizione. Na nimegundua jambo ambalo mwenye kigari lazima alijue: kwenye kila gari lililoegeshwa, kwenye kila kona, mtoto ndiye anayetangulia kuingia barabarani, mimi niko mita nzima nyuma na sijaona kinachokuja. Kwa hiyo nikifika kwenye kona nasimama ubavu, kigari kikiwa sambamba na barabara, natoa kichwa changu kwanza. Naomba na waendesha bodaboda mnaosoma hapa, mkiona mpini wa kigari unatokeza nyuma ya gari, punguzeni.

Na kosa langu moja nililisahihisha haraka: Jumamosi nilitundika mifuko ya Mgandini kwenye mpini, nazi na viazi. Nilipomtoa mtoto kigari kikalala chali palepale. Angekuwa ndani wakati namfungua mikanda, sijui. Mifuko sasa iko kwenye kikapu cha chini, na nazi nazibeba mwenyewe.

UpepoWaRaskazone

Hongera sana. Kile cha wifi umekitupa?

MamaNasra

Hapana. Wifi anajifungua mwezi ujao na yeye anakaa ghorofani mjini, sakafu na lami tupu. Kaka Spoku, lile gurudumu la mbele la kulia linaweza kutengenezwa? Na kiegemeo chake hakilali, kwa hiyo nitamwambia asimwekee mtoto mpaka akae mwenyewe.

Spoku

Shingo ya plastiki haiungi ikashika. Lakini ninacho cha aina hiyo kilichovunjika fremu, magurudumu yake mazima. Kilete Alhamisi asubuhi nikipimie.